Bennington wana bendera, sisi Lugalo tuna nini?

Huu ni mwaka wa nne naishi Bennington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani. Agosti 16 hapa ni sikukuu ya jimbo zima, na kwenye vibaraza vya nyumba utaona bendera yenye namba 76, yaani mwaka 1776 Marekani ilipotangaza uhuru, chini ya upinde wa nyota. Wanakumbuka vita vya uhuru wa Marekani, mwaka 1777, wakulima chini ya John Stark walipowachapa askari wa Kijerumani waliokodiwa na mfalme wa Uingereza, waliotumwa kupora ghala la chakula. Jeshi la Waingereza likabaki bila posho, na miezi miwili baadaye likasalimu amri Saratoga. Pale lilipokuwa ghala sasa pana mnara wa mawe wa mita 93.

Mnara huo ulizinduliwa na Rais Benjamin Harrison Agosti 19, 1891. Niliposoma tarehe hiyo nilisimama pale chini kwa muda mrefu. Mimi ni wa Iringa. Siku mbili tu kabla, Agosti 17, 1891, mashujaa wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walijificha vichakani Lugalo, wakauvamia msafara wa Wajerumani asubuhi na kumuua kamanda wao, Zelewski, yule waliyemwita Nyundo. Wajerumani kule, Wajerumani huku, na mikuki yetu mbele ya mizinga.

Sasa mwulize kijana wa Dar es Salaam Lugalo ni nini. Atakwambia hospitali ya jeshi, au kambi. Jina analitaja kila siku anapopanda daladala, vita havijui. Na ukifika Lugalo yenyewe, nje ya mji wa Iringa upande wa barabara ya Morogoro, mnara mkongwe uliopo uliwekwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Jambo hili linaniuma kweli: walioshindwa ndio waliochongewa jiwe.

Nimeshaambiwa na ndugu zangu kwamba uhuru wa 1961 haukuja kwa mtutu, na kwamba Lugalo haikuzuia Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuvunjwa mwaka 1894, wala Mkwawa kujipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe. Yote kweli. Lakini Uhehe ulikaa huru miaka mitatu zaidi kwa sababu ya asubuhi ile moja, na miaka mitatu ya uhuru si kitu cha kuachia vichaka. Hata bendera ya 76, wataalamu wanasema huenda ilishonwa miaka mingi baada ya vita. Watu wa hapa wanaitundika vilevile, na watoto wao wanauliza maana yake.

Mimi sidai mita 93. Nadai bango kwenye geti la kambi na la hospitali, la Kiswahili, lenye tarehe na jina la Mkwawa. Na Agosti 17 nitampigia mjomba aliyeko Kihesa, Iringa, awachukue wanangu walioko kwake, wapande gari mpaka Lugalo, awasimulie wakiwa wamesimama palepale.