Nilitumwa Maji, Nikarudi Mdau

Jamani, mimi nilitoka nyumbani saa moja asubuhi na madumu mawili, nimetumwa maji. Sikutumwa maoni.

Nafika kilulani, pale kwenye bomba letu la kijiji, koki inakohoa upepo tu. Foleni nzima imehamia chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, pamoja na madumu yake. Kumbe wamekuja wageni na gari jeupe, wanakusanya maoni ya wadau kuhusu uendeshaji wa huduma ya maji. Viti vya plastiki vikaishia meza kuu, sisi tukakalia madumu. Sasa dumu tupu ukilikalia linalia kama bata. Kila mgeni akisema "endelevu" mimi najigeuza: kwaa! Mwenyekiti akanitolea macho, akidhani nazomea.

Tukaelimishwa. Zamani tulikuwa na kamati ya maji. Naikumbuka sana, daftari lake la mapato lilikuwa likitafunwa na mbuzi kila ukaguzi ukikaribia. Ikaja sheria ya huduma za maji, namba 5 ya mwaka 2019, tukawa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Sasa wanataka tuseme: chombo chetu kiunganishwe na cha kata jirani, au kibaki kilivyo? Mimi kusikia "chombo" nikashika madumu yangu vizuri.

Ikasomwa na Sera ya Maji ya mwaka 2002: mwananchi asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji, na kilula kimoja kihudumie watu 250. Mzee mmoja akacheka mpaka akapaliwa. Hizo mita 400 alishazisikia kwenye mpango wa mwaka 1971, ule wa miaka 20, kwamba ikifika 1991 kila mtu ana maji karibu. "Mimi nilioa kwa kutegemea hizo mita," akasema.

Nikanyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, chombo kiunganishwe, kitenganishwe, hata kipakwe rangi, mimi sina neno. Nauliza tu: hela ya dumu tunalipia maji au upepo?"

Makofi! Nyie, makofi matamu. Nikaongeza hoja ya pili, ya tatu, ya nne sikumbuki hata ilihusu nini. Nageuka kukaa, natua chini puu! Dumu langu limekaliwa na mdau mwenzangu. Eti lilikuwa wazi.

Tukasaini mahudhurio. Kwenye "wadhifa" nikaandika MDAU, herufi kubwa.

Saa nane narudi nyumbani na dumu moja, tupu, na kichupa cha maji kilichoachwa nusu meza kuu. Mke wangu akakiangalia, akaniangalia mimi.

"Ndiyo maji haya?"

"Ya kuanzia, mama watoto. Maoni yetu yamechukuliwa."

Akakimimina kwenye sufuria ya maharage, akanirudishia dumu.

"Koki inatoka tangu saa tano. Wenzio wasio na maoni wameshafua na kuanika."