Fundi, hilo pipa la maji lisogeze mbali

Uwani kwangu kuna vipande vya zege vilivyopangwa kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kamba za kuanikia nguo. Wageni huvisifia, wakidhani nimebuni. Hilo ndilo baraza langu la kwanza, sakafu ya zege ya kukalia nje. Lilidumu masika moja na nusu.

Nilikuja Dodoma kutoka Dar es Salaam, kama wengi tuliofuata ofisi baada ya serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016. Nikaja na elimu yangu ya ujenzi ya Dar: sawazisha mchanga, mwaga jamvi la zege, piga niru ya saruji ling'ae, toa viti nje. Kwa wazazi wangu jamvi la uwani linakaribia umri wangu na halina ufa wa maana. Hewa ya Pwani ina unyevu, kwa hiyo zege hukauka taratibu hata fundi akilisahau. Na mchanga wa chini, ulowe au ukauke, hautuni wala hausinyai. Miaka yote nilidhani ule ni ufundi.

Huku ni mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Ila ikiamua kunyesha, kwa saa moja tu uwani panageuka bwawa. Baada ya hapo ni miezi ya vumbi na upepo. Julai usiku joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14 na watoto wanagombania blanketi. Mchana wa Novemba linapita 30 na bati linalia kwa kutanuka. Zege la uwani halina paa la kujifichia. Kila kinachopita angani kinalipata.

Majirani walipoona nyufa zangu walikuwa na jibu tayari: saruji ilikuwa kidogo. Au saruji feki. Hapo ndipo tunapoanzia siku zote, kuhesabu mifuko. Mimi sasa nahesabu maji, na nitakueleza kwa nini.

Lile la kwanza tulilimwaga Oktoba, saa tano asubuhi, upepo ukivuma kiasi cha kubeba mifuko mitupu ya saruji hadi kwa jirani. Pipa la maji lilikuwa kando ya zege, na kila kijana aliyeona chepe linakuwa zito alichota kopo na kumimina. "Lilainike kidogo, mama." Likalainika. Lilitembea lenyewe kwenye mbao za boksi kama uji wa mgonjwa, nami nikafurahi kwamba kazi inakwenda haraka.

Mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 25 hivi za maji, pamoja na yale yaliyomo tayari kwenye mchanga. Sisi tulitia karibu ndoo mbili za lita 20 kwa kila mfuko. Baraza la mita 6 kwa 4, unene sentimita 10, kwa resho ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), linakula mifuko kama 16. Piga hesabu: mapipa mawili ya lita 200 yangetosha, sisi tulimaliza matatu na kuanza la nne. Saruji inachukua maji inayoyahitaji ili ishike. Yanayobaki yanatoka kwenda hewani na kuacha vitundu, na zege linasinyaa. Duff Abrams alilichapisha jambo hili Chicago mwaka 1918, baada ya majaribio mengi sana: kadiri maji yanavyokuwa mengi ukilinganisha na saruji, ndivyo nguvu inavyopungua. Kwa kipimo chetu tulipoteza karibu nusu ya nguvu ya saruji ambayo nililipia mfuko kwa mfuko.

Sitaki kuwalaumu vijana, na hapa natofautiana na wenye nyumba wenzangu. Jaribu wewe kugeuza zege gumu kwa chepe kuanzia asubuhi hadi saa nane, umelipwa kwa kazi nzima na siyo kwa siku. Maji ndiyo mapumziko ya kibarua. Ukitaka zege zito, kodi mikisa, mashine ya kuchanganyia, au ongeza watu wawili. Kukaa kwenye kivuli na soda yako ukipiga kelele "msitie maji" hakusaidii kitu, maana ukienda jikoni kopo linarudi kazini.

Kabla ya chakula cha mchana zege lilikuwa limeshaanza nyufa nyembamba, zimelala sambamba kama mikunjo ya kiganja. Hiyo ni kazi ya upepo na hewa kavu: uso unakauka upesi kuliko maji ya ndani yanavyoweza kupanda, ngozi inajivuta, inachanika, wakati zege lenyewe bado bichi. Fundi hakushtuka. "Za kawaida hizo, niru itaziba." Akanyunyiza saruji kavu juu ya yale maji yaliyokuwa yamejitokeza, akapitisha mwiko, na kwa kweli likang'aa kama kioo. Januari kioo kikaanza kubanduka kwa magamba. Ukikanyaga peku unainua mguu mweupe.

Lakini hayo yote yalikuwa juu. Kilichoua baraza kilitoka chini.

Nina binamu Minnesota. Nilipomlalamikia akanitumia video za watu wa huko wakijenga mabaraza ya uwani, na kwa wiki mbili nilikesha nazo. Wamarekani wa baridi wana adui anayeeleweka: maji yakiganda kuwa barafu yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya zege yanalitafuna. Kwa hiyo wanatia dawa ya kuzalisha vipovu vidogo vya hewa ili barafu ipate pa kutanukia, na chini wanamwaga kokoto nyingi maji yasituame. Nikampelekea simu fundi wa pili, mzee mmoja mpole anayeongea kidogo. Akatazama video nzima kwa heshima.

"Mama, huko wana barafu," akasema. "Sisi tuna mbuga."

Akaniomba glasi. Akachimba kidogo kando ya vipande vya baraza la kwanza, akatoa udongo mweusi mkavu, akauponda hadi ukawa unga, akajaza robo ya glasi na kumimina maji hadi juu. "Iache dirishani mpaka kesho." Asubuhi robo ile ilikuwa inakaribia nusu. Nikatoka nje nikaangalia ardhi yenyewe: ilikuwa Septemba, na nyufa zake zilimeza vidole vyangu viwili hadi kwenye pete. Mbuga ndiyo huo mfinyanzi mweusi: ukilowa unatuna, ukikauka unajikunja. Mvua ya Desemba ilikuwa ikilowesha pembezoni mwa baraza, pale maji ya bati yalipodondokea, huku katikati kukiwa kukavu. Kingo zikainuka, katikati pakabaki pale pale, na sahani ya zege ya sentimita 10 haina uwezo wa kushindana na ardhi inayonyanyuka. Ikavunjika kama chapati iliyokauka.

Ndiyo maana nasema ramani ya baraza la kwetu ianze na mvua itakwenda wapi, kabla hujachagua viti vitakaa wapi. Mzee alinitoza siku mbili nzima za kazi ambayo hata haionekani. Walichimba mbuga sentimita 45, wakavuka nusu mita nje ya ukingo wa baraza kila upande, wakarudisha moramu, udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa kidogo na kushindiliwa hadi kisigino hakiachi alama. Nilipendekeza mchanga, kwa kuwa ulikuwa umebaki. Akakataa: mchanga juu ya mfinyanzi ni beseni, maji yanaingia, yanakosa pa kutokea, yanakaa humo kuulisha udongo wa chini. Bati likapata mfereji na bomba la kupeleka maji mbali, kwenye migomba. Baraza lenyewe likapewa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Kwa macho huuoni. Mpira wa mtoto unauona.

Kwenye ukuta wa nyumba alikataa zege lishikane na tofali. Nyumba ina msingi, baraza halina, na viwili hivyo havitembei pamoja. Tukaweka katikati vipande vya ile sponji nyeupe inayofungiwa televisheni. Ilikuwa stoo tangu tuhamie, mume wangu akisisitiza kwamba ipo siku itafaa. Hajaacha kunikumbusha.

Kisha tukabishana kuhusu mikato, ile mistari inayokatwa kwenye uso wa zege. Mimi nilitaka uso mmoja mpana, safi, kama wa hoteli. Zege la mita 6 linapopanda joto nyuzi 20 linarefuka kwa zaidi ya milimita moja, na likikauka linasinyaa. Vyote viwili lazima vitokee mahali. Litapasuka tu, ulipende usilipende, kazi yako ni kulichagulia pa kupasukia. Kwa unene wa sentimita 10, mkato mmoja hadi mwingine usizidi mita 3. Tuligawa miraba sita ya mita 2 kwa 2, mikato ikiingia sentimita 2 na nusu, robo ya unene. BRC, wavu wa nondo nyembamba, ikawekwa juu ya vijiwe ili ikae ndani ya zege. Mazoea ya kuitandika chini na kuivuta kwa ndoano wakati wa kumwaga huiacha imelala kwenye kifusi bila kazi. Na wavu hauzuii ufa, unaushikilia tu usipanuke.

Tulimwaga Mei, mvua zikiwa zimeisha na udongo haujakauka kupita kiasi. Saa kumi na mbili alfajiri mikisa ilikuwa inaunguruma. Moramu ilikuwa imemwagiwa maji jana yake jioni isije ikanyonya maji ya zege. Upande wa upepo tulifunga turubai kwenye uzio. Pipa niliamuru lisogezwe hadi kona ya choo, mbali na chepe, na mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kugusa ndoo. Mimi mwenyewe. Niliitwa majina siku ile ambayo nilijifanya sikuyasikia. Zege lilikuwa zito, lilikaa kwenye chepe kama ugali, na vijana walitoka jasho. Niliwaongezea posho, na chakula kilikuwa cha nguvu.

Niru sikutaka. Maji ya juu yalipoondoka yenyewe, mzee alisawazisha kwa mwiko wa mbao, akachukua fagio la chelewa na kulipitisha mara moja kutoka ukutani kuelekea nje. Basi. Mistari ile midogo ndiyo inayomzuia mama mkwe wangu asiteleze wakati wa masika, na bado unaweza kulala juu yake kwa mkeka.

Kumwagilia ndiko kulikonitia hofu, kwa sababu Dodoma maji ni mgao. Siku saba, chini ya hapo usijidanganye, na ukishinda na mpira wa maji mita za mraba 24 utamaliza boza. Nikaenda soko la Majengo kutafuta magunia. Wakaniuzia viroba, nikavirudisha: plastiki haishiki maji. Gunia la katani linashika, tatizo siku hizi ni adimu kama kibatari. Nilipata kumi na tano yaliyochakaa, nikayalowanisha, nikayatandaza, nikafunika nailoni juu na kuweka tofali kingoni. Ndoo tatu asubuhi, tatu jioni, tena nyingine za maji ya kusuuzia mboga. Siku ya nne mtoto aliniuliza nani amekufa pale chini.

Nina neno moja la ubishi nalo nitalisema. Acheni kusakafia ua mzima. Nayaona mageti yakifunguliwa mtaani kwetu, zege kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna hata shimo la mchicha. Mchana panachoma hadi saa mbili usiku, na mvua ikija maji yote yanapita chini ya uzio kwenda kwa jirani, ambaye naye anamwagia zege ili ajikinge, na wa bondeni ndiye anayelala kwenye tope. Langu ni mita za mraba 24 na familia haijawahi kukosa pa kukaa. Upande wa pili kuna mwarobaini, umepandwa mbali ili mizizi isinyonye maji chini ya baraza. Mama mkwe akija kutoka Kondoa huweka kiti chake huko, kwenye udongo, chini ya mti, na kulitazama baraza langu kwa mbali.

Masika yaliyopita, baada ya ile mvua ya usiku iliyokata umeme, nililala kifudifudi na tochi nikakagua mikato mmoja mmoja. Kwenye wa pili kutoka jikoni nikauona: ufa mwembamba kama unywele, umenyooka, umelala chini kabisa ya mkato kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku lakini nikampigia mzee simu.

"Umepasukia wapi?"

"Kwenye mkato."

"Basi lala, mama."