Kinyama cha Ini: Sentimita Moja Inatosha?

Kinyama kinachochomolewa kwenye ini kwa sindano ni takriban sehemu 1 kati ya 50,000 za ini zima. Kwa kijiuzi hicho, mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza tishu kwa hadubini, anaulizwa makovu ya ini yamefika wapi, na jibu lake ndilo litakaloamua matibabu.

Mwongozo wa chama cha wataalamu wa ini cha Marekani wa mwaka 2009 unataka kipande cha sentimita 2 hadi 3, kwa sindano ya geji 16 (geji ni kipimo cha unene: namba ikipanda, sindano huwa nyembamba zaidi). Unataka pia ripoti itaje iwapo vifungu kamili vya pota, yaani vile vyenye mishipa ya damu na kijirija cha nyongo, ni chini ya 11. Hoja yake ni nzito. Utafiti wa Bedossa na wenzake nchini Ufaransa, mwaka 2003, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa homa ya ini C, vipande vya milimita 15 vilipata hatua sahihi ya makovu kwa asilimia 65, na vya milimita 25 kwa asilimia 75. Yaani hata kipande kizuri hukosea mara 1 kati ya 4.

Kinachonisumbua zaidi ni upande ambao kosa huelemea. Kipande kikiwa kifupi au chembamba, ugonjwa huelekea kuonekana mwepesi kuliko ulivyo. Mgonjwa anarudi nyumbani na faraja asiyostahili kupewa.

Anayeshika sindano naye ana lake la kusema, na ni la haki. Ini limejaa damu. Kifo ni nadra, hutajwa kuwa kama 1 kati ya 10,000, lakini maumivu ni ya kawaida, na kila mchomo wa ziada huongeza hatari. Kwa mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri au tumbo limejaa maji, njia salama zaidi ni kupitia mshipa wa shingoni, na huko vipande hutoka vidogo na kukatikakatika. Kumdai huyo sentimita 3 ni kumwonea. Uvimbe uliokwisha kuonekana kwenye ultrasaundi nao ni habari nyingine: hapo swali ni aina ya seli, na sindano nyembamba ya geji 18 mara nyingi hutosha.

Kwa ugonjwa ulioenea ini zima, hata hivyo, nasimama na wanaodai kipande kirefu. Mgonjwa ameshachomwa, kumpa jibu nusu ni kumfanya alipie hatari bila kupata alichokuja kutafuta. Kipande kitazamwe kabla hajaondoka kitandani, na kikiwa kifupi, mchomo wa pili ufanyike palepale, hali yake ikiruhusu. Anayeshukiwa kuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, afaa sindano ya kukata, maana ile ya kufyonza huvunjavunja tishu na kuyaacha makovu ndani. (Sifongo ya kuhifadhia kipande nayo iepukwe: huacha matundu ya pembetatu yanayompotosha msomaji wa hadubini.)

Na ikishindikana, ripoti ieleze hivyo waziwazi. Vifungu vikiwa 6, iandikwe 6, ili daktari ajue kwamba pale penye neno "makovu machache" bado pana shaka, na atafute kipimo kingine kama kile cha ugumu wa ini.