Kuvua mtungi chini ya maji: kwanza tuulizane uzito uko wapi

Kwenye kozi ya kwanza ya kuzamia kuna siku mwanafunzi anapiga magoti mchangani, maji yamempita kichwa, anafungua mikanda, anavua jaketi (lile linalojazwa hewa ili aelee) pamoja na mtungi wake wa kupumulia, anavipakata, kisha anavivaa tena. Muda wote huo regyuleta, kifaa kinachomletea hewa ya mtungi kwa mpira, haitoki mdomoni. Ni kazi ya dakika mbili tu, lakini litaje zoezi hili mbele ya walimu wa kuzamia, Nungwi au Watamu, uone watakavyogawanyika. Huyu atasema wanagenzi wasifundishwe kabisa. Yule atasema asiyeliweza asipewe cheti.

Mimi niko na huyu wa pili. Hata hivyo, hoja za wa kwanza zimebadilisha namna ninavyofundisha.

Wanaolitetea huanza na nyavu, na wana haki. Bahari yetu ina vipande vya jarife vilivyokatika na mishipi iliyonasa kwenye matumbawe. Valvu ya mtungi iko nyuma ya kisogo, mahali ambapo jicho halioni na mkono unafika kwa shida. Uzi ukinasa pale, kila ukijigeuza unazidi kujifunga. Mwenza akiwa karibu anakata kwa kisu na yanaisha. Asipokuwepo, inabidi uutoe mtungi mgongoni, uuweke mbele ya macho, uunasue, uvae.

Tena usingoje nyavu. Ukanda unaoshika mtungi kwenye jaketi hulegea ukilowa, hasa kama uliukaza ukiwa mkavu. Mimi ulinilegea kwenye mita 12. Nilihisi regyuleta inanivuta mdomo, kama kuna mtu nyuma ameshika mpira wake. Kumbe mtungi unateleza pole pole kuelekea kiunoni. Mwenza wangu yuko mbele, amenipa mgongo, anapiga picha. Nikashuka mchangani, nikavua, nikakaza, nikavaa. Sikuhangaika, kwa sababu mikono ilikwishaizoea kazi ile bwawani.

Wanaolipinga wanasema mwanagenzi ndiyo kwanza ameanza kuzoea kupumua majini, na wewe unamvua kile kinachompa pumzi. Akishtuka, atabana pumzi na kukimbilia juu. Hilo si jambo dogo. Shinikizo juu ya maji ni kama bar 1, na huongezeka bar 1 nyingine kila mita 10, kwa hiyo hewa iliyojaa mapafuni kwenye mita 10 inataka nafasi mara mbili ikifika juu. Hata kina cha bwawa la kawaida kinatosha kujeruhi pafu la aliyebana pumzi.

Lakini hoja yao nzito zaidi ni ya uzito, yaani vipande vya risasi anavyobeba mzamiaji ili azame, na hapo ndipo naona tunabishana kila mtu akiwa na vifaa tofauti kichwani. Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza kifaa chao cha kupumulia mwaka 1943, mtungi ulifungwa mgongoni kwa mikanda tu, bila jaketi la hewa. Kwa miaka mingi baadaye uzito ulikaa kiunoni, kwenye mkanda wake. Ukivua mtungi, mwili unabaki chini.

Leo majaketi mengi yana mifuko ya kuwekea uzito. Ukilivua jaketi la namna hiyo, uzito unaondoka nalo. Wewe uliyevaa suti nene ya mpira unapanda kama kifuu, jaketi linazama, na kinachowaunganisha ni mpira mmoja ulioung'ata kwa meno. Mwalimu wa maji baridi ya Ulaya aliyeliona hilo akisema zoezi ni hatari, sina la kumjibu. Kwetu maji ni ya nyuzi 25 hadi 29, suti ni ya milimita 3 au hakuna kabisa, na wanafunzi wengi bado hufunga mkanda wa uzito kiunoni. Jina la zoezi ni moja, lakini kinachotokea majini ni mambo mawili.

Kwa hiyo siku hizi, kabla mwanafunzi hajagusa hata kifungo kimoja cha mkanda, namwuliza uzito wake uko wapi. Ukiwa kiunoni, tunaendelea. Ukiwa kwenye jaketi, nahamishia sehemu kubwa kwenye mkanda siku hiyo, na mkono wangu hauachi jaketi lake. Mkono wa kushoto ndio unaotoka kwanza, kwa sababu mpira wa regyuleta unapita juu ya bega la kulia. Akianza na kulia atajinyonga nao. Wa kulia namwambia asiutoe kabisa. Jaketi libaki limening'inia hapo, alikumbatie, aone anachotaka kuona, arudi.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa hadi bar 200 una hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo 2. Ukikaribia kuisha unakuwa mwepesi na kitako chake kinainuka. Mwanafunzi aliyezoea mtungi uliojaa atashangaa unamkimbia mikononi. Ndiyo maana zoezi hili nalifanya mara mbili, mara ya pili geji ya hewa ya mtungi ikiwa chini ya bar 70.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wenye vyeti vya miaka kumi, waliojifunza kwa mkanda wa kiunoni na sasa wanashuka boti na jaketi jipya la mifuko. Hao nawapeleka kwanza kwenye mita 2, mchangani, kabla hatujaenda kuzamia kisiwa cha Mnemba.