ABS inalinda usukani kwanza

Madereva wengi wanaamini kazi ya ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu kufunga (kuacha kuzunguka gari likiwa bado linakwenda), ni kusimamisha gari kwa umbali mfupi. Kwenye lami yenye maji mara nyingi umbali hupungua kweli, lakini si kwa ajili hiyo hasa ilitengenezwa. Gurudumu likifunga, tairi linaserereka tu, na tairi linaloserereka halikati kona. Utazungusha usukani hadi mwisho na gari litanyooka vilevile kuelekea kwenye lori lililoharibika mbele yako. ABS inakuachia usukani ulivyo huku umekanyaga breki mpaka chini.

Kwenye kila gurudumu kuna sensa inayosoma pete yenye meno, au sumaku iliyomo ndani ya beringi. Gurudumu moja likipunguza mwendo ghafla kuliko gari lenyewe linavyoweza kupunguza, kompyuta inajua linakaribia kufunga. Inaziba vali inayopeleka mafuta ya breki huko. Isipotosha, inafungua vali ya pili ili presha ishuke, gurudumu lizunguke, kisha presha irudishwe. Hayo hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja, ndiyo maana pedali inatetemeka na kunguruma mguuni. Hapo dereva mgeni hushtuka na kuachia breki, tena katika sekunde anayoihitaji kuliko zote.

Kwa hiyo: kanyaga kwa nguvu zote, pamoja na klachi kama gari ni la gia za mkono, usiachie, na elekeza usukani penye nafasi. Mafunzo ya kupampu breki yalifaa magari yasiyo na ABS. Kwenye lenye ABS, kila unapoinua mguu unatupa mita kadhaa bure. Kwa maoni yangu hakuna mwanafunzi wa udereva anayepaswa kupewa leseni kabla hajakanyaga breki ya dharura kwenye uwanja mtupu na kuusikia mtetemo ule.

Mipaka yake nayo ijulikane. Kwenye changarawe au mchanga, tairi lililofunga hulima rundo la kokoto mbele yake, na rundo hilo husaidia kusimama. ABS hairuhusu rundo lijikusanye, kwa hiyo kwenye barabara ya vumbi utasimama mbali zaidi. Wala haiongezi mshiko wa tairi. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, kutoka kilomita 80 kwa saa breki zinahitaji takriban mita 36, na sekunde moja ya kushtuka imeshakula 22 kabla yake. Ukiwa na kilomita 100 kwa saa, ni mita 56 juu ya 28 za kushtuka. Tairi kipara wakati wa mvua huharibu hesabu yote hiyo. Na kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, breki zikishachemka ABS haina la kufanya; gia ndogo ndiyo dawa.

Mjini Munich, miaka ya 1980, teksi zenye ABS zililinganishwa na zisizo nayo. Ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu madereva wenye ABS waliendesha kwa fujo zaidi.

Ukinunua gari lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye magari mengi taa ya ABS huwaka sekunde chache ikazima, huku taa ya oili na ya chaji zikibaki. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa. Ikisubiri hadi injini iwake ndipo izime pamoja na ya oili, shuku kwamba waya umeunganishwa huko kuficha ubovu. Ubovu wenyewe mara nyingi ni mdogo: sensa imejaa tope, waya umekatika, pete imepasuka kwa kutu, au beringi ya sumaku imefungwa kinyumenyume. Kumwambia fundi aizime taa badala ya kupima ni ubahili wa kijinga.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake ukiwa safarini, breki za kawaida bado zipo. Endesha taratibu, ukikumbuka kuwa magurudumu sasa yanaweza kufunga. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, kwanza hakikisha hujasahau handibreki, kisha angalia mafuta ya breki. Kama yamejaa, huenda mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma umepotea, na magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza gari linageuka mkia mbele. Liegeshe, uite gari la kuvuta.