Bado ndimu tu

Haya. Kwa kuwa shemeji yangu ameshaisambaza habari ya feni ya gari langu kwenye magrupu matatu, na leo asubuhi muuza samaki kaniuliza "helikopta mzima?", acha niseme mwenyewe. Feni HAIKURUKA. Hakuna mtu aliyekimbilia baharini. Na mbuzi alikuwa ameshachinjwa tangu saa mbili asubuhi, kwa hiyo hiyo habari ya mbuzi kukata kamba na kuingia msikitini, muulizeni yeye kaitoa wapi.

Yaliyobaki ni kweli.

GX 100 yangu, ile Toyota, mnaijua. Namba A, rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Feni yake ya asili inazungushwa na injini kwa mkanda, na katikati kuna klachi inayoamua feni ivute kweli au izunguke kwa uvivu. Klachi ikafa. Fundi akanitajia bei ya nyingine, nikacheka, yeye hakucheka. Nikarudi nyumbani, nikaangalia video nne, moja ya Mmarekani mwenye gereji safi kuliko sebule yangu. Anasema ng'oa hiyo feni, weka ya umeme, injini inapata nafuu na mafuta yanapungua. Nikasema Mtwara kuchele, na mimi kumekucha.

Feni ya mtumba, inchi 14, elfu arobaini baada ya kubembelezana. Nikaifunga nyuma ya rejeta, upande wa injini. Nikaweka rilei, ile swichi ya kupitisha umeme wa feni, nikaweka fyuzi, nikachomeka na ile swichi ya joto kwenye matundu ya rejeta ili feni ijiwashe yenyewe. Umeme nikautoa moja kwa moja kwenye betri. Hapo kumbukeni, tutaparudia. Kwenye mota ya feni zilitoka nyaya mbili, moja bluu, moja nyeusi yenye mstari. Ipi chanya, ipi hasi? Nikabahatisha. Nikawasha gari, likakaa dakika ishirini uani, feni ikawaka, ikazima, mshale wa joto umetulia katikati kama mzee anayesubiri kahawa. Nikajipiga picha na spana. Ile picha mliyoipenda watu 63, ndiyo hiyo. Sasa mnajua.

Jumapili ilikuwa akika ya mwanangu. Mama mtoto alikwenda kujifungulia kwao Mikindani, kwa hiyo shughuli ni ukweni, na mimi nikapewa heshima ya kumchukua maalimu Shangani na gunia la mchele sokoni. Baba mkwe hanipigii simu ovyo. Safari hii alipiga mwenyewe: "Mwanangu, maalimu asicheleweshwe."

Mjini tulikwenda vizuri. Tulipoiacha lami ya mjini na kushika njia ya Lindi, nikakanyaga kidogo, mshale nao ukapanda kidogo. Nikapunguza, ukashuka. Nikaongeza, ukapanda. Jamani, gari huchemsha kwenye foleni, barabara ikifunguka upepo unalipoza. Langu lilikuwa kinyume, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini, nikakumbuka mbinu ya wazee: washa hita, itoe joto la injini ndani.

Nikaiwasha. Mwisho.

Mchana wa Mtwara, mwezi wa pili, maalimu mwenye kanzu, kizibao na kilemba, kakaa mbele. Hita inampiga magotini. Akashusha kioo. Akafuta paji. Baada ya kimya cha kilomita nzima akauliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, hii ndiyo kiyoyozi?" Nikajibu, "Ndiyo maalimu, kinaanza hivi." Mungu anisamehe, hayo maneno yalitoka yenyewe. Shemeji kiti cha nyuma alikuwa anarekodi.

Tulifika. Uani mikeka imeshatandikwa, wanaume wamekaa, na kivuli pekee kilichobaki ni cha mkorosho mbele ya mikeka. Nikaingiza gari pua mbele. Nikazima. Feni ikaendelea kunguruma dakika kadhaa, kisha ikanyamaza. Nikamwambia shemeji kwa maringo, "Umeona? Inajitegemea." Ndipo kijana wa watu akaleta chetezo, makaa yamekolea, ubani unafuka, akakiweka mbele ya maalimu. Kati ya chetezo na grili ya gari langu, hatua mbili. Mbili na nusu, nisije nikaambiwa natia chumvi.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo shemeji kaharibu.

Maalimu, amejifuta jasho, amepata maji, uso umerudi, akasoma dua ndefu tamu. Mtoto yuko barazani mikononi mwa bibi yake, anasubiri kuletwa kunyolewa. Maalimu akasema, "Al-Fatiha." Mnakijua kile kimya. Viganja juu, midomo inacheza bila sauti, unasikia mpaka majani ya mkorosho. Na katika kimya kile, chini ya boneti, nikasikia *tik*.

Ile tik naijua. Ni rilei yangu. Niliichagua mwenyewe.

Injini ikizimwa, pampu ya maji nayo inasimama, joto lililobaki kwenye chuma halina pa kwenda, linarudi kwenye rejeta. Swichi ikalihisi. Swichi haijui kuna Fatiha. Na kwa kuwa umeme nimeutoa kwenye betri, haijali kama ufunguo ninao mfukoni.

Vuuuuuuuu.

Feni ya nyuma ya rejeta kazi yake ni kuvuta upepo wa mbele uingie ndani. Mimi nilibadilisha nyaya, mota ikazunguka kinyumenyume. Kwa hiyo haikuvuta. Ilipuliza. Uani nyumbani hujui tofauti, upepo unapita kwenye rejeta vilevile. Barabarani yenyewe inasukuma huku, upepo wa mwendo unasukuma kule, wanagombana katikati, gari linachemka. Na mbele ya chetezo…

Kwanza moshi wa ubani, uliokuwa unapanda wima, ukalala. Nikauona ukilala, kama bendera. Kisha majivu yakanyanyuka yote kwa pamoja, yakasimama hewani kidogo, naapa yalisimama, halafu yakaenda kwa maalimu. Kilemba, miwani, ndevu, viganja vilivyo wazi. Makaa mawili yakabiringika mkekani na moja likaruka kwenye kanzu. Sio kanzu ya maalimu. Yangu, nilikuwa nimekaa pembeni yake kama baba wa shughuli. Bibi mmoja barazani akasema, "Wamefika." Wazee wawili wakarudi nyuma na mkeka wao. Maalimu hakusogea. Alifumba macho akamalizia mpaka amin, majivu yanaendelea kumshukia.

Mimi nilikimbilia gari. Nikaingiza ufunguo, nikaugeuza huku na huku, haisaidii, nimeshawaambia kwa nini. Nikafungua boneti, nichomoe betri, spana namba kumi iko kwenye buti. Chini ya gunia la mchele. Kilo hamsini. Nikazing'oa nyaya kwa mikono, nikaungua vidole vitatu, feni ikafa, kimya kikarudi, na watu wote wananitazama nimeshika waya wa bluu.

Maalimu akavua miwani, akaifuta, akamgeukia baba mkwe: "Mkweo njiani alinichoma, hapa kanipaka majivu. Bado ndimu tu."

Baba mkwe, mtu ambaye tangu nimeoa sijawahi kuyaona meno yake yote, aliinama akacheka mpaka akashika mkorosho. Basi uani kukalipuka. Ndimu nililetewa kweli, na pilau, na mtoto akanyolewa, akapewa jina zuri la babu yake. Mimi tangu siku ile naitwa Baba Feni.

Gari lilivutwa na Canter ya samaki mpaka mjini. Fundi yule yule. Akachukua karatasi, akaishika mbele ya grili feni ikiwaka. Ikapeperuka. Akabadilisha nyaya mbili, dakika moja na nusu, akaishika tena. Ikaganda grilini kama stempu. Hakusema kitu, alinitajia elfu tano na kunitazama. Hedi ya injini imepona, ulizeni mengine.

Shemeji, ile video ya hita ifute, nitakununulia bando la mwezi.

Na kanzu nimeipeleka kwa fundi cherehani Chikongola, ina tundu dogo chini ya mfuko. Akaingiza kidole tunduni, akakitazama kikitokea upande wa pili, akaniuliza, "Ndiyo yenyewe hii?"