Maikrolita 10 za ziada: skrini na meza katika vitendo vya maabara

Tangu maabara za vyuo zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na mazoezi ya vitendo yakahamia kwenye kompyuta, kuna swali ambalo halijapata kutulia katika ufundishaji wa sayansi za tiba: je, saa ambazo mwanafunzi alikuwa akizitumia mbele ya meza ya maabara zirudishwe zote, au baadhi zibaki kwenye programu za kuigiza, ambako pipeti, kifaa cha kuchotea kimiminika kidogo kwa kipimo, huendeshwa kwa kipanya na bakteria ni picha? Wanaotetea skrini wana hoja nzito, nami sitaki kuzipunja. Ila naona wenzao wa upande wa meza wameeleweka vibaya, kana kwamba wanachokililia ni mazoea ya kuvaa koti jeupe na kukoroga dawa.

Programu ya kuigiza haimalizi kemikali wala haimwambukizi mtu, na mwanafunzi anaweza kuliharibu jaribio mara kumi kwa usiku mmoja bila kumtia mtu hasara. Zipo mashine, kama zile zinazochambua seli moja moja kwa mwale wa leza, ambazo kwa ughali wake hakuna anayeweza kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza azichezee. Aliyekwisha kuzipitia hatua za jaribio kwenye kompyuta huingia maabara akijua kinachofuata, na hapo macho yake hupata nafasi ya kutazama badala ya kuhangaika na karatasi ya maelekezo. Tena liko jambo ambalo sisi wa upande wa meza hatupendi kulikiri: katika kundi la wanafunzi sita wenye pipeti moja, anayefanya vitendo ni mmoja, na wale watano wanatazama tu, kama ambavyo wangetazama skrini, isipokuwa wao wamesimama.

Baada ya kukiri hayo, tuiangalie hiyo pipeti yenyewe. Kitufe chake kina vituo viwili. Kabla ya kuchota, kidole gumba hukibonyeza hadi kituo cha kwanza. Wakati wa kumimina, hukisukuma hadi cha pili ili tone la mwisho litoke. Anayeanza, kwa haraka au kwa woga, hufika kituo cha pili kabla ya kuchota, na kimiminika kinachoingia huzidi. Tuseme kila mara anachota maikrolita (sehemu za milioni za lita) 110 badala ya 100 na kuzitia katika maikrolita 900 za maji ya kuzimulia. Alidhani anazimua mara kumi, kumbe kila hatua inabaki nzito kwa karibu asilimia 9 kuliko inavyotakiwa. Uzimuaji wa hatua sita, ambao ni wa kawaida kabisa katika kuhesabu bakteria, huikuza tofauti hiyo hadi asilimia 67 hivi, kwa maana kwamba sahani iliyostahili kuotesha makoloni 60, yaani vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, itaotesha 100.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Kinachonisumbua ni jinsi kosa lenyewe lisivyojionyesha. Mwanafunzi akirudia mara tatu, majibu yatakaribiana vizuri, kwa kuwa kidole ni kilekile. Akichora grafu ya logi, nukta zitajipanga kwenye mstari ulionyooka, naye ataandika kwa furaha kwamba jaribio limefaulu. Ziko programu zinazopachika makosa ya kubahatisha ili zifanane na hali halisi, na hilo ni jambo jema, lakini makosa ya kubahatisha hupunguzwa kwa kutafuta wastani, ilhali la kidole gumba haliguswi na wastani wowote. Kulijua kunahitaji mtu awe amelitenda kwa mkono wake, akaonyeshwa, akarudia.

Upakaji rangi wa Gram, unaotumika tangu 1884 kutofautisha makundi ya bakteria kwa rangi, una kasoro kama hiyo katika hatua ya kuondoa rangi kwa alkoholi. Maelekezo hutaja sekunde kadhaa, lakini utando uliopakwa kwenye slaidi hauwi na unene mmoja: upande mzito hubaki zambarau wakati upande mwembamba umekwisha kuoshwa kupita kiasi, na bakteria waliostahili zambarau wakaonekana wekundu. Mkono uliozoea hutazama maji yanayotiririka kuliko saa ya ukutani.

Husemwa pia kwamba mashine zimechukua kazi hizi hospitalini, kwa hiyo mkono wa nini? Lakini sehemu kubwa ya makosa ya upimaji hutokea kabla sampuli haijaifikia mashine. Seli nyekundu za damu zikipasuka, potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika na kupandisha majibu; mashine nyingi za sasa huutambua wekundu wa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda. Sampuli iliyoingiliwa na kidogo cha EDTA ya potasiamu, kemikali ya kuzuia damu isigande, kutoka chupa nyingine ya damu haina rangi ya kujitangaza. Potasiamu hupanda, kalsiamu hushuka, na anayeshtuka ni yule anayejua kila chupa ina nini ndani yake.

Kwa hiyo sioni ubaya skrini ikitangulia, mradi isihesabiwe kuwa ndiyo saa ya vitendo. Kumpima kila mwanafunzi peke yake hakuhitaji kemikali yoyote. Maikrolita 100 za maji katika nyuzijoto 20 zina uzito wa takriban miligramu 99.8, achote mara kumi juu ya mizani nyeti, na asiyefikia kiwango arudie wiki inayofuata. Ni kazi ya dakika chache. Badala yake, mahali pengi alama za vitendo bado hutolewa kwa ripoti inayoandikwa meza ikiwa imekwisha kusafishwa, na ndani yake huwezi kusoma kidole gumba kilisimama kituo kipi.